Mjomba, gundi haishiki

Simu iliita saa moja kasorobo asubuhi. Nilikuwa Shangani, hapa Mtwara, nimepiga magoti kwenye uwanja wa mteja, natafuta koki kuu iliyomezwa na mchanga. Nikapangusa mkono kwenye suruali nikapokea.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, baba. Mmeamkaje huko?"

"Tumeamka, ila mjomba, gundi haishiki."

Ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Mikindani. Nimemlea kwenye ufundi bomba tangu amalize kidato cha nne, na mkono wake naujua kama wangu. Hakati bomba upande, hapaki gundi kabla ya kupiga msasa, hasahau kufuta vumbi. Mwezi wa sita alipata kazi ya miezi mitatu Makete, mkoani Njombe, kwenye mradi wa maji wa kijiji. Jana yake jioni walikuwa wameunganisha mabomba, asubuhi viungo vikawa vinachomoka kwa kuvutwa na mkono tu. Akanitumia na picha. Bomba la kijivu limelala pembeni mwa mtaro, na juu yake umande umeganda, mweupe, umetapakaa kama chumvi kwenye mashamba ya chumvi ya Lindi.

Niliitazama ile picha nikasikia uzito kifuani. Kijana hakukosea chochote nilichowahi kumfundisha. Kosa lilikuwa langu. Nilimfundisha ufundi wa Mtwara, nikadhani nimemfundisha ufundi.

Wenzake walikuwa wameshaliteleka kopo la gundi juu ya jiko la mkaa ili lipate moto. Nikamwambia liondoe hapo sasa hivi, mengine nitakueleza. Haya ninayoandika ndiyo mengine. Nayaandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya mafundi wote wa pwani wanaopanda kwenda kufanya kazi kwenye baridi, iwe Makete, iwe ughaibuni.

Sisi huku baridi tunaijua kwa jina. Kusi likivuma mwezi wa saba, watu wanatoa masweta, mama ntilie wanauza uji mpaka sufuria linakwanguliwa, na bado ni nyuzi joto 20. Adui wa fundi bomba Mtwara ni jua na chumvi. Chumvi inakula bomba la chuma mpaka likawa kama chapati iliyoungua, na jua linakausha gundi kwenye brashi kabla hujafika kwenye bomba. Kwa hiyo tumejifunza haraka: paka, ingiza, zungusha robo, shikilia kidogo, twende kingine. Mkono wa haraka ndio mkono mzuri hapa, na ndio niliompa mpwa wangu akaondoka nao.

Sehemu kubwa ya Makete iko zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo unafika kama mita 2,600. Kati ya Juni na Agosti, usiku ukiwa hauna mawingu wala upepo, joto linashuka mpaka sifuri na chini yake, na wakulima wanaamka kukuta majani ya viazi yameungua kama yamepitiwa na moto. Nchi ni hii hii yetu, lakini kwa fundi wa Mtwara ni dunia nyingine.

Marehemu baba yangu alikuwa kibarua kwenye miradi ya maji vijijini iliyofadhiliwa na Ufini katika mikoa yetu ya Mtwara na Lindi, kazi zilizoanza miaka ya 1970. Jioni, tukiwa tunamenya ming'oko, alikuwa akitusimulia kwamba wazungu wale kwao ardhi yenyewe inaganda, na kwamba bomba la maji wanalizika kina cha kaburi na kuzidi. Tuliisikiliza kama tulivyosikiliza hadithi za sungura na fisi. Nimekuja kujua ukubwani kwamba baba hakuongeza chumvi. Ufini, kipupwe kinaposhika, udongo unaweza kuganda zaidi ya mita moja kwenda chini, na kaskazini zaidi ya mita mbili, na bomba la maji lazima lipite chini ya hapo au livikwe kizuia baridi. Uingereza, ambako baridi si kali hivyo, bomba la maji linaloingia nyumbani linatakiwa liwe angalau milimita 750 chini ya ardhi. Sisi tunafukia bomba kwa kuogopa jembe na tairi la lori. Wenzetu wanalifukia kuikimbia baridi.

Sababu ni tabia ya maji yenyewe. Vitu vingi vikipoa vinasinyaa. Maji nayo yanasinyaa mpaka yafike nyuzi 4, halafu yanageuka, yanaanza kutanuka, na yakiganda yanaongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9. Wengi wanadhani barafu inalipasua bomba pale pale ilipo. Mara nyingi sivyo. Barafu inaziba bomba kama kizibo, inaendelea kukua, na inayasukuma maji yaliyobaki kati yake na koki iliyofungwa. Maji hayana pa kwenda, presha inapanda, na bomba linapasukia pale lilipo dhaifu, pengine hatua kadhaa kutoka kwenye barafu yenyewe. Ndiyo maana ukifika asubuhi huoni kitu. Jua likipanda, barafu ikayeyuka, ndipo maji yanaruka.

Hili sikulisoma popote. Nilikwenda Makete mwenyewe nikiwa na umri wa mpwa wangu, kwenye mradi kama huo. Siku ya kupima presha tulijaza maji njia nzima, tukapampu mpaka bar 9 (bar ni kipimo cha presha), sindano ya geji ikatulia kama imegandishwa na gundi. Jioni ilikuwa imeingia. Msimamizi wa mkandarasi alikuwa anakuja asubuhi, tukaona tuache maji ndani na presha yake ili aje ajionee. Tukaenda kulala tukiwa na furaha.

Saa nne asubuhi, wakina mama wamekuja na ndoo zao kuangalia maji yao, msimamizi ameinama kwenye geji, tii, kile kiungo cha njia tatu, ya kituo cha pili cha kuchotea maji ikaachia. Ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umezunguka shingo yake upande mmoja, na maji yakatoka pale kwa upana kama feni. Kituo cha tatu koki ya shaba ilikuwa imepasuka mwili. Vipande vyote vilivyopasuka ni vile vya juu ya ardhi, vya nusu inchi, vilivyosimama kwenye nguzo bila nguo. Vya mtaroni vilikuwa salama. Mkandarasi alitukata malipo ya siku tatu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyetuambia tulichokosea. Pesa niliisahau. Kunyamaza kwao sijakusahau, kwa sababu mwaka uliofuata kundi jingine la vijana lingefanya vile vile.

Kwa hiyo, mpwa wangu, maji ya kupimia hayalali kwenye bomba. Anza kupima jua likishachomoza na kuchangamka, maliza mapema, na kabla kivuli hakijafika mtaroni uwe umeyatoa. Ili yatoke, njia lazima iwe na mteremko na koki ya kutolea maji pale chini kabisa, na juu ufungue koki hewa iingie, maana bila hewa maji yanabaki yameshikwa ndani kama soda kwenye mrija uliozibwa juu kwa kidole. Angalia mabonde madogo ya njia, pale bomba linaposhuka na kupanda tena. Hapo ndipo maji hujificha.

Kwenye nchi ambazo mchana mzima uko chini ya sifuri, mafundi wanachanganya maji ya kupimia na kimiminika cha kuzuia kuganda. Kwa bomba la maji ya kunywa kinachotumika ni propilini glaikoli, na bomba linasafishwa vizuri baadaye. Usije ukachukua maji ya rejeta ya gari. Mengi yana ethilini glaikoli, ni sumu, na utamu wake unamdanganya mtoto.

Na hapa nisimame kidogo. Baridi ikikaza, lazima atatokea mtu mwenye kompresa aseme: tusihangaike na maji, tujaze upepo. Kwenye bomba la plastiki, kataa. Kataa hata kama anayesema ni bosi wako. Maji hayabonyei, kiungo kikiachia yanaruka, unalowa, basi. Upepo uliobanwa umejaa nguvu kama springi iliyokandamizwa, na bomba la PVC, plastiki hii ngumu tunayounganisha kwa gundi, likipasuka upepo ukiwa ndani, vipande vinaruka kama vigae vya chupa. Na PVC kwenye baridi ni kavu zaidi, inavunjika upesi zaidi. Kazi hii ina hatari zake za lazima, tusiongeze hii ya hiari.

Sasa gundi, maana ndiyo iliyokufanya upige simu. Gundi ya PVC si kama gundi ya seremala. Haikai katikati ya vitu viwili ikavishika. Inayeyusha ngozi ya bomba na ngozi ya soketi, ile shingo pana bomba linamoingia, vikaingiana, kisha kile kiyeyushi kinaruka hewani na kuacha plastiki moja. Hayo yote, kuyeyusha na kuruka, yanataka joto. Kwenye baridi kiyeyushi kinakula polepole na kinaondoka polepole. Bomba lenye umande ni baya zaidi, kwa sababu maji yanakaa kati ya gundi na plastiki. Nyinyi mliunganisha jioni, hewa ikiwa pengine nyuzi 5 au 6, unyevu umeshaanza kukaa juu ya bomba, mkafuata saa ya Mtwara.

Majedwali ya watengenezaji yanaonyesha tofauti ilivyo kubwa. Chukua bomba dogo, mpaka inchi moja na robo, litakalobeba presha kubwa, juu ya bar 11. Hewa ikiwa kati ya nyuzi 16 na 38, yaani kwetu mwaka mzima, jedwali moja linalotumika sana linasema subiri saa 6. Kati ya 4 na 16, saa 12. Chini ya 4, saa 48. Hewa ikiwa na unyevu, ongeza nusu yake. Bomba likiwa nene, muda unazidi. Kila kopo lina maelekezo yake, fuata ya kopo lako, lakini uone mwendo wenyewe: kutoka saa sita mpaka siku mbili, kwa bomba lile lile na gundi ile ile, kisa hewa.

Fanya kazi ya gundi kati ya saa nne na saa tisa. Panga mabomba juani mapema yapate joto, futa ncha na ndani ya soketi kwa kitambaa kikavu mpaka uridhike, kisha futa tena. Kopo la gundi lilale ndani ya chumba mnacholala, limefungwa sawasawa, na saiti likae kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu au ndani ya koti lako. Moto hapana. Mvuke wa gundi unashika moto, na kopo juu ya jiko ni bomu. Ikiwa imeshakuwa nzito kama uji uliolala na inavutika vipandevipande, imekufa, itupe, usiizimue kwa kitu chochote. Ukishaingiza bomba kwenye soketi, lishikilie muda mrefu kuliko ulivyozoea, maana soketi hulisukuma litoke, na kwenye baridi gundi inachelewa kulishika. Kisha liache. Usilikanyage, usiligeuze, usilishushe mtaroni kabla ya muda.

Na uliguse bomba kama unavyogusa yai. Huku tunayarusha mabomba kutoka juu ya lori na yanadunda. Kule, asubuhi, bomba likiangukia jiwe linaweza kupata ufa usioonekana mpaka siku ya presha. Kata kwa msumeno wa meno madogo, bila kulazimisha.

Polithini, plastiki laini inayokuja imeviringwa, ina shida nyingine. Haivunjiki ovyo, lakini ikiwa kwenye rola na baridi imeingia, inakuwa ngumu kama chuma cha springi. Tukiwa Makete kule, mwenzetu mmoja wa Masasi alikata mikanda ya rola kwa pamoja, saa moja asubuhi, amesimama mbele yake. Ncha ilifyatuka ikampiga kwenye taya. Nakumbuka sauti kuliko damu. Meno mawili yalikwenda, na hospitali ilikuwa mbali. Kama ingempiga kwenye jicho sijui tungesema nini kwa mama yake. Rola liachwe juani kwanza mpaka liregee. Ncha ifungwe kamba na ashike mtu. Kata mkanda wa nje, fungua mzunguko mmoja, nenda mkanda unaofuata, na usimame pembeni daima. Usilichome kwa moto kulilainisha.

Mipira ya viungo nayo inakauka kwa baridi, ukiisukuma inajikunja na kutoka kwenye mfereji wake, na kiungo kitavuja. Mzee mmoja mwenyeji wa kule alinifundisha kuitembeza ndani ya shati, kifuani. Nilikuwa natembea na mipira sita, natoa mmoja wenye joto la mwili, naupachika, napaka sabuni, nasukuma bomba kabla haujapoa. Sabuni ya maji pia iweke mfukoni. Usipake grisi wala oili chafu kwa kuwa iko karibu, mafuta yanaharibu mpira.

Kwa bomba la PPR, plastiki ile ya maji ya moto inayounganishwa kwa kuyeyushwa, mashine inakaa nyuzi 260, na umezoea kuhesabu sekunde 5 kwa bomba la milimita 20, 7 kwa 25, 8 kwa 32. Hewa ikishuka chini ya nyuzi 5, watengenezaji wanasema uongeze nusu: ile ya 7 iwe kama 10 na ushee. Usipandishe moto wa mashine, ongeza muda. Upepo nao unaiba joto la sahani, jikinge kwa turubai, na ziba ncha ya mbali ya bomba upepo usipite ndani kama filimbi.

Kuna jambo ambalo Mtwara nalo lingenifundisha mapema kama ningekuwa na masikio. Njia ya Naliendele, miaka mingi nyuma, nilitandaza mita 100 za polithini saa nane mchana, bomba limeungua na jua huwezi kulishika. Nikalinyoosha kama rula, nikakaza viungo huku na huku, nikafukia. Kesho yake kiungo cha mwisho kilikuwa kimeachia. Bomba lilipoa usiku likasinyaa, likajitoa lenyewe. Polithini inabadilika kama milimita 0.2 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Piga hesabu: mita 100, tofauti ya nyuzi 25, ni nusu mita nzima. PVC ni kama sentimita 17 kwa urefu huo huo. Chuma ni sentimita 3 tu. Tangu siku ile bomba nalitandaza kwa mawimbi madogo mtaroni, kama nyoka anayetembea bila haraka, naliacha lipoe, na kiungo cha mwisho nakifunga alfajiri. Makete mchana na usiku vinatofautiana kuliko huku, kwa hiyo usinyooshe bomba kamwe. Hata wakubwa wanafanya hivyo. Bomba la mafuta la Alaska, zaidi ya kilomita 1,280, inchi 48, lililoanza kazi mwaka 1977, pale lilipopita juu ya ardhi limejengwa likiwa limepindapinda makusudi lipate nafasi ya kutanuka na kusinyaa. Limebebwa juu ya nguzo kwa sababu ardhi ya chini imeganda miaka na miaka, na joto la mafuta lingeiyeyusha ikatitia. Bomba letu la gesi linalotoka Madimba, inchi 36, lililozinduliwa mwaka 2015, limelala chini ya udongo wenye joto lake wala halihitaji hayo.

Mtaro nisiuongelee sana, unaujua. Jambo moja tu, na hili ni kwa anayekwenda kwenye baridi kali kuliko Makete. Mchanga wa Mtwara ni mkweli, ukichimba vibaya unaporomoka hapo hapo unajua. Udongo ulioganda unasimama wima kama ukuta wa saruji, fundi anashuka bila kuweka mbao za kuzuia, na saa sita jua likiulainisha unamwangukia. Na mabonge yaliyoganda yasirudishwe juu ya bomba. Yakiyeyuka yanaacha mashimo, na bomba linabaki linaning'inia.

La mwisho ndilo lililonifanya nikae chini niandike badala ya kukutumia ujumbe wa sauti.

Tulikuwa wanne, chumba kimoja cha matofali, dirisha tumelifunga kwa nailoni, mlango tumeuziba chini kwa gunia. Siku nzima glavu zimelowa, vidole havisikii spana, tumekula kimya. Mmoja akaingiza jiko la mkaa. Mkaa ulikuwa umeshakolea, mwekundu, hauna moshi, tukaona hauna madhara. Chumba kikapata joto zuri mno, joto la nyumbani. Tukalala.

Niliamka usiku nataka kwenda haja. Kichwa kinagonga. Nikasimama, miguu ikakataa. Nilidhani ni malaria inanianza. Nilitambaa, nikalivuta gunia, nikasukuma mlango nikaangukia nje, na ile baridi niliyokuwa naichukia ndiyo iliyoniamsha. Nikapiga kelele. Hakuna aliyeitika. Nikarudi nikamvuta mmoja kwa miguu, halafu wa pili. Wa tatu alikuwa na midomo iliyobadilika rangi. Wenye nyumba wakaamka wakanisaidia. Alitapika mpaka mchana, lakini alipona.

Ile ni gesi ya kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, na mkaa usio na moshi ndio unaoitoa kimyakimya. Inashika damu mahali pa oksijeni na haiachii upesi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, mwili kuregea, usingizi, vile vile mtu wa pwani anavyoijua homa, kwa hiyo anajifunika vizuri na kulala zaidi. Jenereta nayo inatoa gesi hiyo hiyo, iwe ndani ya hema la kazi au karibu na mtaro uliofunikwa kwa turubai ili gundi ipate joto. Joto la saiti na la chumbani lipatikane kwa njia yoyote isiyowaka moto ndani ya mlipojifungia. Nguo kavu za kubadilisha, soksi mbili, glavu za akiba ili zilizolowa zivuliwe, chai ya moto kila baada ya saa kadhaa. Mwenzako akianza kutetemeka bila kukoma, akajikwaa kwa maneno, mwingize ndani, mbadilishe nguo, kazi isubiri.

Yote haya nilimsimulia mpwa wangu kwa simu, vipande vipande, siku tatu mfululizo, vocha mbili zimekwisha. Viungo vya jana yake walivikata vyote wakaanza upya. Bosi wake alilalamika kuhusu siku zilizopotea, mpwa wangu akamwonyesha maandishi ya nyuma ya kopo, bosi akanyamaza.

Jana jioni akanitumia picha. Koki ya chini kabisa ya njia, imefunguliwa, tone moja linaning'inia, na jiwe la chini yake limelowa. Geji ameiweka juu ya koti lake, kavu. Chini akaandika kwamba presha ilikaa saa mbili bila kushuka na maji yote yametoka kabla ya saa kumi.

Nikamuuliza kuhusu chumba. Akajibu kwamba jiko wamelitoa, liko barazani, ila wenzake wanasema usiku hapalaliki, na mmoja ametaka kulirudisha.

Sikusubiri kukuche. Nimemtumia hela ya mablanketi mawili, moja lake, na moja la huyo anayetaka kurudisha jiko.